Mtoto anasema atakuwa askari wa wanyamapori: mzazi mmoja anafurahi, mwingine ananuna. Tufanyeje hapa Arusha?

MwalimuLemara

Wakuu, habari za jioni. Naleta mada hii kwa sababu kila Januari shule zikifunguliwa, watoto wa darasa la kwanza na la pili huulizwa swali lile lile: ukiwa mkubwa utakuwa nani? Hapa kwetu majibu hayaishii kwa daktari na rubani. Mtoto ameona buti, sare ya kijani na gari la hifadhi likipita barabarani, basi anarudi nyumbani anasema atakuwa askari wa wanyamapori.

Nyumba nyingi jibu hilo hupita tu. Lakini zipo nyumba ambako baba anapeleka watalii Serengeti na mama kwao ni Loliondo, kwenye mgogoro wa ardhi kati ya wafugaji na hifadhi, au kinyume chake. Hapo neno la mtoto wa miaka saba linageuka kesi ya ardhi. Mzazi mmoja anasema "safi sana, kazi ya serikali hiyo." Mwingine anasema "mwanangu hatawafukuza babu zake." Mtoto kakaa katikati na kijiko mkononi, hajui kosa lake.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga apinge. Mtoto wa umri huo hajachagua kazi. Ametaja kitendo anachokipenda na kukivisha sare aliyoiona. Wajibu wa wazazi wote wawili ni kukitafuta kitendo hicho. Ile kesi ya haki ni ya kweli na haifai kufichwa, lakini ni mzigo wa watu wazima. Mtoto anapewa kwa tonge linalomtosha mdomoni.

Kitendo kinatafutwaje? Usimuulize "kwa nini". Mtoto akiulizwa kwa nini anatafuta jibu la kukufurahisha. Mpe karatasi moja ya A4, penseli na rangi nne au tano, umwambie: "Jichore ukiwa kazini, na uchore watu wengine wawili." Mwachie dakika 15 au 20, usimsimamie. Akimaliza mwambie akusimulie, nawe uandike nyuma ya karatasi maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe.

Kisha tazama mkono. Mkononi pana nini? Bunduki, usukani, darubini, chupa ya maziwa ya mtoto wa tembo? Halafu tazama wale wawili: wamesimama naye, wanakimbia, au wamelala chini? Mtoto aliyechora usukani na barabara ndefu anapenda safari. Aliyechora chupa ya maziwa anapenda kulea. Aliyechora watu wamepiga magoti mbele yake anataka kutiiwa, na huyo uchunguze kwanza nani anamwonea shuleni au nyumbani. Rudia mara tatu, wiki moja kati ya mchoro na mchoro. Kinachojirudia mara zote tatu ndicho chenyewe. Kilichotokea mara moja huenda kilitoka kwenye katuni ya jana.

Jambo linaloharibika mara nyingi ni kumuuliza mtoto mbele ya wageni. Wageni wakicheka au wakipiga makofi, kesho atarudia lile lile kwa ajili ya makofi, na hutajua tena kipi ni chake.

Doria_Kaskazini

Mwalimu, shikamoo. Naongezea upande wa kazi yenyewe, maana nimeona wazazi wanagombana juu ya kazi ambayo wote wawili hawaijui.

Kwanza, "askari wa wanyamapori" si mtu mmoja. Kuna wa hifadhi za taifa chini ya TANAPA, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Arusha. Kuna wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kuna TAWA wanaosimamia mapori ya akiba na mapori tengefu. Kuna TFS kwa misitu. Halafu kuna askari wa vijiji katika Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, kama Enduimet kule Longido na Randilen kule Monduli. Huyu wa kijiji ni mtoto wa kijiji hicho hicho, analinda ardhi ambayo kijiji chenyewe kimeitenga, na wengi husomea Likuyu Sekamaganga, Namtumbo. Mzazi anayesema "hatawafukuza babu zake" na yule anayesema "kazi nzuri" huenda wangekutana kwa huyu, kama wangejua yupo.

Pili, mtoto anafikiri ni bunduki. Sehemu kubwa ya kazi ni kutembea, kungoja na kuandika. Doria ya miguu inaondoka alfajiri, watu wachache, maji na chakula mgongoni. Wanatafuta mitego ya waya: kitanzi kimefungwa kwenye mti au gogo, kimo cha shingo ya swala au nyumbu, kwenye njia ya kwenda majini au mahali vichaka vinapobana. Kila mtego unafunguliwa, unahesabiwa, alama ya mahali inachukuliwa kwa kifaa cha GPS, inaandikwa kwenye daftari. Mtego usiochukuliwa unaendelea kuua hata kama aliyeutega alishahama mkoa.

Akikamatwa mtu, kazi ya kalamu ndiyo inaanza. Hati ya ukamataji mali inajazwa pale pale porini: kitu gani, vingapi, saa ngapi, mbele ya shahidi gani, saini. Ikijazwa baadaye kituoni, au kielelezo kikapita mikono ambayo haikuandikwa, kesi inaanguka mahakamani. Vilevile asiye na hatia anaweza kuozea rumande kwa sababu mtu aliandika ovyo. Kwa hiyo mtoto anayetaka kazi hii anahitaji mwandiko unaosomeka na tabia ya kusema kweli kabla ya kuhitaji misuli.

Njia ya kuingilia: kidato cha nne ndio mlango wa chini, na Baiolojia na Jiografia zina uzito. Vyuo ni Pasiansi kule Mwanza na Mweka hapo juu ya Moshi, kilichoanzishwa 1963 na kinachofundisha kuanzia astashahada mpaka digrii. Ajira za serikali zinapita Sekretarieti ya Ajira, na mafunzo yana sura ya kijeshi. Mtoto wa miaka saba ana zaidi ya miaka kumi kabla ya kugusa fomu yoyote kati ya hizo.

Yeyoo_Longido

Nimesoma wote wawili, asanteni. Lakini naona mnampita mama pembeni.

Mama wa Loliondo hapingi Baiolojia. Anapinga ukimya. Mtoto anafundishwa shuleni kwamba Serengeti ni fahari ya taifa, na hilo ni kweli. Hafundishwi kwamba Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa 1951 watu wakiwa ndani, na kwamba 1959 Wamasai waliondolewa humo na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la watu, mifugo na wanyamapori pamoja. Hafundishwi kwamba Juni 2022 ziliwekwa alama za mpaka Loliondo kutenga kilomita za mraba 1,500, kukatokea vurugu, askari polisi mmoja akauawa, wananchi wakajeruhiwa na wengine wakavuka kwenda Kenya kutibiwa. Mwaka huo huo kaya zikaanza kuhamishiwa Msomera, Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari, na kwamba watu wa Ngorongoro waliokuwa 8,000 mwaka 1959 sasa wamepita 100,000. Wengi wa wafugaji wanasema hiari gani hiyo, huduma zikipunguzwa mahali ulipo.

Mtoto ambaye bibi yake yuko ndani ya habari hiyo ataisikia tu. Ataisikia kwenye simu ya shangazi, na ataisikia vibaya.

Na kuna jambo jingine la kumfundisha, maana haki si mipaka tu. Tembo akila shamba, au simba akiua mtu, anacholipwa mwathirika hakiitwi fidia. Kinaitwa kifuta jasho, na kwa kifo kifuta machozi. Tazameni maneno hayo. Fidia ni deni, mtu anadai. Kifuta machozi ni kitambaa, mtu anapewa. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo, na kwa mazao kati ya 25,000 na 100,000 kwa ekari kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari 5. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani halikuhesabiwa. Mtoto wa darasa la pili hahitaji tarakimu hizo. Lakini mzazi anayemsifia sare azijue, ili mtoto akiuliza "mama, tembo akila mahindi ya bibi, nani analipa?" asipewe jibu la uongo.

Kingine, msimfundishe mtoto kwamba uhifadhi ulikuja na sare. Wafugaji wana alalili: malisho yanayofungwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, wazee wanaamua lini yanafunguliwa, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati anatozwa. Huo nao ni uhifadhi, na una walinzi wake. Mtoto anaweza kuupenda ulinzi huo bila kuvua shuka.

MwalimuLemara

Yeyoo, umenena, na hapo kwenye alalili umenipa kitu cha kutumia darasani. Swali linalobaki ni namna ya kumwambia, kwa hiyo naeleza.

Kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 8, sentensi tatu zinatosha kwa kikao kimoja. Mfano: "Wanyama wanahitaji mahali pa kula na kunywa. Ng'ombe wa bibi nao wanahitaji mahali pa kula na kunywa. Watu wakubwa hawajakubaliana pa kugawia, na wengine wameumia." Basi. Ngoja aulize. Asipouliza, usimwongezee. Epuka maneno mawili hasa: "majangili" kwa kila mtu aliye porini, na "wezi wa ardhi" kwa kila mwenye sare. Mtoto akishika moja kati ya hayo atalipeleka shuleni kesho asubuhi, na dawati la pili amekaa mtoto wa askari au mtoto wa mfugaji.

Akitaka zaidi, mchezeshe. Tafuta sehemu ya uwanja yenye vumbi, mita mbili kwa mbili. Chukua punje 20 za maharage, hao ni ng'ombe. Punje 20 za mahindi, hao ni nyumbu. Vifuniko viwili vya chupa vyenye maji. Kamba ya mita 3. Na majani mabichi kiasi cha viganja viwili, uyatandaze kwa mafungu manne. Vifuniko viwe upande mmoja wa uwanja, majani mengi yawe upande wa pili. Mwambie awapangie wote wanywe na wale bila kamba. Atachanganya, atafurahi. Kisha mpe kamba: "Sasa weka mpaka." Mwache aone mwenyewe maji yamebaki upande wa nani. Halafu mimina kifuniko kimoja chini: huo ni kiangazi. "Sasa?"

Mzunguko wa mwisho ndio mtamu kwa watoto wa kuanzia miaka 8. Mwambie ni Februari, nyumbu wanazaa kwenye mbuga za majani mafupi. Ndama wa nyumbu huwa na virusi ambavyo nyumbu mwenyewe havimdhuru ila ng'ombe vinamuua. Kwa hiyo mfugaji anayejua kazi yake huondoa ng'ombe miezi hiyo, anarudi baadaye. Watoto hushangaa sana hapo, maana wanaona kumbe watu waligawana kwa majira ya mwaka na kamba haikuwepo.

Mchezo huu unaharibika mzazi anapouongoza. Baba anasogeza kamba, mama anakohoa, mtoto anasoma nyuso zenu badala ya kusoma uwanja. Kama hamwezi kunyamaza wote wawili, achezeshe mmoja na mwingine awe jikoni, wiki ijayo mbadilishane.

UstawiMoshi

Naomba nichangie upande wa wazazi, maana huko ndiko madhara yanapoanzia. Na hapa Moshi hali ni ile ile kwa sare nyingine: Shule ya Polisi iko hapa, watoto wanaona gwaride, na mzazi ambaye ndugu yake bodaboda amewahi kukunjwa na polisi anawaka moto.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Kusikilizwa si sawa na kukubaliwa, na sheria haimfanyi mtoto hakimu wa ugomvi wenu. Mzazi akisema "haya, mwambie baba yako unataka kuwa nani," amemfanya shahidi. Mtoto wa miaka saba akiwa shahidi hujifunza kusema kila mzazi anachotaka. Dalili zake ni kimya ghafla mazungumzo yakianza, kuumwa tumbo, kuwa na jibu moja kwa baba na jingine kwa mama.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kaeni wawili mtoto akiwa amelala, si kwenye gari, kwa sababu watoto wakiwa kiti cha nyuma husikia kuliko tunavyodhani. Kila mmoja aandike hofu zake tatu kwenye karatasi, kila hofu kwa sentensi moja, bila jina la ukoo wa mwenzake. Badilishaneni karatasi. Kila mmoja asome hofu za mwenzake kwa sauti kama zilivyo, asizijibu. Mara nyingi hapo ndipo inaonekana baba aliandika "nisiwe nimeshindwa kumwachia kazi ya uhakika" na mama akaandika "asije akawaonea aibu wajomba zake." Hizo si hofu zinazogombana. Zimekosa meza tu.

Baada ya hapo amueni yale yanayoamulika mwaka huu peke yake. Kazi ya mtoto haiamuliki mwaka huu. Yanayoamulika: nani anamsimamia hesabu jioni, likizo ya Juni anakwenda kwa bibi wa upande gani na kwa wiki ngapi, na wote wawili mtajibu nini akiuliza kuhusu ile habari. Jibu liwe moja, hata kama ni fupi: "Mimi na baba yako hatuoni sawa hapo, na wote wawili tunakupenda." Mtoto anabeba hiyo vizuri kuliko jibu la uongo.

Tahadhari moja kwa koo zetu: babu, bibi na shangazi waambiwe mapema. Mkikubaliana nyinyi wawili halafu shangazi akamwita mtoto "askari wetu" au "msaliti wetu" kwenye sherehe, mmerudi mwanzo.

DadaUngaLtd

Samahani walimu, huyu mtoto ni wa kiume au wa kike? Maana hakuna aliyesema.

UstawiMoshi

Dada, Kiswahili kimetusaidia hapo, "mtoto" ni mtoto, na ushauri ni ule ule. Akiwa wa kike yanaongezeka mawili. Kwanza hakikisha pingamizi la haki si pingamizi la jinsia lililojificha. Jipime kwa swali moja: kaka yake angesema hivyo hivyo, ungekasirika kiasi hiki? Pili mwonyeshe mwanamke anayeifanya. Wanawake wapo kwenye doria, wapo Mweka, wapo langoni. Akimwona mmoja kwa macho, nusu saa inatosha.

Shamba_Karatu

Mimi nasimama na baba kidogo. Wanaolima kandokando ya msitu wa Ngorongoro wanajua tembo akiingia saa nane usiku humhitaji mwanasheria, unamhitaji askari, na mara nyingi anachelewa kwa sababu ni wachache na magari ni machache. Watoto wetu wakiikimbia kazi hiyo, itafanywa na mgeni asiyejua jina la mtaa.

Ila kuna ulinzi mwingine mtoto anaweza kuuona akiwa shambani. Kamba ya katani inazungushwa shamba juu ya nguzo, inapakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili kichaa iliyosagwa, vitambaa vilivyochovywa humo vinaning'inizwa katikati. Oili inaishika pilipili isioshwe na manyunyu. Mvua kubwa ikipiga unapaka upya. Wengine wanachanganya pilipili na kinyesi cha tembo kilichokauka, wanakichoma upande upepo unakotoka. Inashindwa pale mmoja anapoweka na jirani hakuweka, tembo anazunguka tu. Na inashindwa ukitumia njia moja mwaka mzima, kwa sababu tembo anajifunza. Mtoto asiguse pilipili hiyo, macho yake yatapona lakini hatakusamehe leo. Akae mbali ahesabu vitambaa.

RamaniUsaRiver

Hapo Shamba_Karatu amefungua mlango ninaotaka kupitia. Mkishakijua kitendo, sare inakuwa moja tu kati ya nyingi. Anayependa kulea wanyama: daktari wa mifugo, njia yake inapita SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, na huyo anahitajika na mfugaji na hifadhi vilevile. Anayependa kulinda: kuna wanaojenga maboma hai Simanjiro, nguzo zake ni miti inayopandwa ikachipua na kuzungushiwa wavu wa chuma, simba hapenyi na hauawi. Anayependa kusema "hii si haki": Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa mjini, na Mahakama ya Afrika Mashariki nayo iko hapa. Anayependa njia na mahali: ramani. Mgogoro wa Loliondo wenyewe umejaa ramani, na asiyejua kuisoma husomewa.

Milango yote hiyo ina kufuli moja, hesabu. Somo hilo ndilo linaloangusha wengi kidato cha nne mwaka hadi mwaka. Kwa mtoto wa miaka saba maana yake ni dakika 15 kila jioni, siku tano kwa wiki, kuhesabu vitu vya kushika, si kukariri jedwali kwa kupigwa. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 una mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, na mkondo wa jumla sekondari. Wazazi msianze kumpangia mkondo leo, lakini msimfungie wowote kwa kuacha hesabu zioze darasa la tatu.

Mkitaka kumtembeza, nashauri sehemu tatu, mwezi mmoja mmoja. Anza na Makumbusho ya Elimu Viumbe pale kwenye Boma la Wajerumani mjini. Saa moja na nusu inatosha. Ya pili Hifadhi ya Arusha, unakata kushoto Usa River. Raia analipa bei ndogo sana ukilinganisha na mgeni, na mtoto chini ya miaka mitano halipi, ila chukueni kitambulisho, na siku hizi malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, si fedha taslimu mkononi. Kule matembezi ya miguu huongozwa na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, kwa hiyo mtoto anamwona kazini na anaweza kumuuliza. Mwandalieni maswali mawili: "Siku ngapi hulali nyumbani?" na "Ukikuta ng'ombe ndani unafanyaje?" Ya tatu ni mnada wa mifugo. Mwonyesheni mtoto mfugaji anavyomtazama ng'ombe meno na nundu kabla ya kutaja bei, na mwambieni ada ya shule ya watoto wengi wa wilaya za jirani inatoka pale. Mkirudi kila safari ulizeni swali moja tu: "Ungependa kukaa siku nzima na nani kati ya uliowaona?"

Wazazi wote wawili waende zote tatu. Baba akienda hifadhini na mama akienda mnadani, mmegawana mtoto.

Yeyoo_Longido

Hiyo ya mnada nimeipenda sana. Ongezeni maji na kofia, jua la pale halina huruma. Na kabla ya kumpiga mtu picha na ng'ombe wake, mtoto afundishwe kuomba ruhusa na kuamkia wazee kwanza. Akiinamisha kichwa kuamkia na mzee akamgusa utosi, tayari amejifunza kitu ambacho darasa halimpi.

DadaUngaLtd

Asanteni mno. Swali la mwisho. Wazazi wameshafanya yote hayo, michoro mitatu, kikao, safari, halafu Jumatatu mtoto anaamka anasema anataka kuwa dereva wa Noah ya abiria ya Usa River. Ndiyo basi tena?

MwalimuLemara

Dada, hiyo ni kawaida ya umri huo, itabadilika tena kabla ya Pasaka. Usiseme "si ulisema askari?" wala mzazi aliyekuwa anapinga asishangilie, kwa sababu mtoto ataona kumbe alikuwa kwenye mashindano. Chukueni daftari la kurasa 48, ubandike michoro yote humo kwa mfuatano, na dereva wa Noah naye apate ukurasa wake. Mwambie ajichore kazini na watu wengine wawili, kama kawaida. Tazama mkono tena: kama tangu mwanzo alikuwa anachora usukani, hajabadilisha kitu.

Daftari likae kabati ya wazazi wote, si ya mmoja. Ukurasa wa kwanza andikeni tarehe ya leo na neno la mtoto kama alivyolitamka mwenyewe, hata kama alisema "asikali wa tembo". Msilisahihishe.